Dondoo muhimu: Kuchaji kwa jua, Kasongo na Kabambare

Usisubiri serikali ikurudishie pesa kwa kufunga chaja ya gari la umeme nyumbani, huku hakuna mpango huo. Majirani zetu wa Rwanda walisamehewa kodi ya ongezeko la thamani (TVA) kwenye magari ya umeme, betri na vifaa vya kuchajia mwaka 2021. Nafuu ya namna hiyo humfikia kwanza mwagizaji, mpakani. Wewe unaionja tu bei ikishuka dukani, nayo haishuki yenyewe. Ulizia bei kwa wauzaji kadhaa, na umuulize kila mmoja kama TVA ya asilimia 16 imo.

Kwa pikipiki ya umeme, piga hesabu kabla ya kununua. Betri ya volti 72 na ampea-saa 40 hubeba karibu kilowati-saa 2.9. Pano ya jua ya wati 300, kwa saa nne za jua kali, hutoa kama kilowati-saa 1.2, tena kabla ya upotevu. Pano moja haitoshi kuijaza kwa siku moja, hata muuzaji aape.

Ukienda kununua pano, igeuze usome kibandiko cha nyuma, kisha fundi apime volti na ampea saa sita mchana. Usilipe kabla namba ya pano haijaandikwa kwenye risiti.