Mchezo wa simu ambao asiyeona naye anaucheza

Masomo ya kusoma kabla ya kuanza: Mambo ya Walawi 19:14, Marko 10:46–52



Katika sharika nyingi za Mbeya na Iringa, chemsha bongo ya Biblia imehama kutoka kwenye karatasi na kuingia kwenye simu. Vijana wanapakua mchezo, wanagawana makundi na kushindana, na anayeshinda anapigiwa makofi. Ni jambo jema. Lakini mara nyingi katika kundi hilo yupo kijana asiyeona, au mwenye uoni hafifu, anayekaa pembeni akisikiliza wenzake wakishangilia. Hakuna aliyemkataza kucheza. Kilichomkataza ni kioo cha simu.

Somo la robo hii linawalenga viongozi wa vijana, walimu wa Shule ya Jumapili, na hasa vijana wetu wanaosomea kompyuta katika vyuo kama Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Tutajifunza kwa nini mchezo wa simu humfungia nje asiyeona, na hatua za kuufungua mlango huo.

Je, mchezo nao ni suala la maendeleo?

Wapo watakaouliza: kuna maji, lishe na ada za shule, ya nini kuhangaika na gemu? Swali ni la haki, nalo lina majibu mawili.

Kwanza, mchezo ni haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 30 inataja waziwazi kwamba watoto wenye ulemavu wawe na nafasi sawa na wenzao katika michezo na burudani. Mwaka 2010 nchi yetu ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu.

Pili, mchezo ni shule ya kuijua simu. Mtoto anayeona hafundishwi simu darasani. Anaijua kwa kuchezea. Asiyeona naye anahitaji uwanja wa kujifunzia, mahali ambapo akikosea hapotezi kitu. Sasa mfikirie mama asiyeona anayepokea fedha kwa simu. Asipojua kuisomesha simu yake, atamkabidhi mtu mwingine simu pamoja na namba ya siri. Akiwa mwaminifu, heri. Asipokuwa mwaminifu, fedha za mbolea zimekwenda. Vidole vilivyozoea mchezo ndivyo vitakavyosoma salio kesho bila kumtegemea jirani.

Kutoka kitufe cha 5 hadi kioo laini

Shika simu ya kubonyeza, ile tunayoiita kiswaswadu, na upapase kitufe cha namba 5. Utakuta kinundu au kistari kidogo. Kinundu hicho humwelekeza asiyeona: akishaipata 5, anajua 2 iko juu, 8 iko chini, 4 kushoto na 6 kulia. Kwa njia hiyo watu wengi wasioona wamepiga simu kwa miaka mingi bila msaada wa mtu.

Zilipokuja simu za kupangusa, kinundu kilitoweka. Kioo chote ni laini, na vitufe vinabadilika kila ukurasa. Ufumbuzi ulianza kupatikana mwaka 2009, pale simu za iPhone zilipowekewa kisoma skrini kiitwacho VoiceOver, na simu za Android zikapata TalkBack. Kisoma skrini ni programu inayotamka kilicho chini ya kidole. Unapapasa kioo, simu inataja jina la kila kitu. Ukifika kwenye unachokitaka unagusa mara mbili haraka, nacho kinafunguka. Ukipangusa kidole kulia unakwenda kwenye kitu kinachofuata, ukipangusa kushoto unarudi nyuma. Katika simu nyingi za Android, TalkBack imo tayari ndani ya mipangilio, sehemu inayohusu ufikivu, wala hainunuliwi.

Kwa nini basi michezo mingi bado ni bubu?

Kisoma skrini hakioni picha kama jicho linavyoona. Kinasoma maandishi na majina ambayo mtengenezaji ameyaweka nyuma ya kila kitufe. Asipoweka jina, simu inatamka tu kwamba hapa kuna kitufe. Katika kikundi kimoja cha vijana wilayani Rungwe, msichana asiyeona alipewa simu yenye mchezo wa maswali ya Biblia. Alipapasa kioo chote, na simu ikamjibu: kitufe, kitufe, kitufe. Maswali aliyajua, kwa kuwa Injili ya Marko ameisikiliza tangu utotoni, ila hakuwa na njia ya kujua kitufe kipi ni jibu lipi.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi. Michezo mingi hutengenezwa kwa programu maalumu, mfano Unity, ambazo huuchora mchezo mzima kama picha moja. Kisoma skrini kinaikuta picha hiyo kama ukuta usio na mlango. Kwa miaka mingi Unity haikuwa na njia yake yenyewe ya kuzungumza na TalkBack. Njia hiyo iliongezwa katika matoleo yaliyoanza mwaka 2023. Kwa hiyo kijana anayetengeneza mchezo leo ana nafasi ambayo waliomtangulia hawakuwa nayo.

Mambo sita ya kuzingatia

1. Kila kitufe kiwe na jina. Lisiwe "picha 12", bali "Anza", "Jibu la kwanza: Yeriko", "Rudi". Jina liwe fupi na la Kiswahili, na sauti ya simu ichaguliwe ya Kiswahili. Sauti ya Kiingereza ikisoma maneno yetu, hata mwenyeji haambulii kitu.

2. Muda usimwadhibu anayesikiliza. Jicho linasoma swali na majibu manne kwa kitambo kidogo. Sikio linasubiri hadi yatamkwe yote. Mchezo wenye sekunde kumi kwa kila swali umeshamshinda asiyeona kabla hajajibu. Weka uchaguzi wa kuongeza muda au kuuondoa kabisa.

3. Sauti zitofautiane. Jibu sahihi liwe na mlio wake, kosa liwe na mlio wake, na zamu mpya mlio wake. Muziki wa nyuma uweze kuzimwa, kwa sababu unafunika sauti ya kisoma skrini. Mtetemo wa simu nao ni lugha: mmoja kwa sahihi, miwili kwa kosa.

4. Usitegemee kupangusa peke yake. TalkBack ikiwa imewashwa, kupangusa kioo kunatumika kuongoza simu, hivyo mchezo unaotaka mchezaji apanguse hautaipata amri yake. Weka pia vitufe vya kufanya kazi ileile.

5. Wakumbuke wenye uoni hafifu. Wengi wasiosoma maandishi madogo si vipofu kabisa. Miongoni mwao ni ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwa kawaida uoni wao ni hafifu na mwanga mkali huwasumbua. Maandishi yaweze kukuzwa, na pawepo uchaguzi wa usuli mweusi wenye maandishi meupe. Kipimo kinachokubalika kimataifa kinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1 au zaidi; nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Kijivu juu ya nyeupe, kama wapendavyo wachoraji wengi, mara nyingi hakifiki.

6. Rangi isibebe ujumbe peke yake. Usiseme "gusa duara jekundu". Sema "gusa duara jekundu la kushoto, namba 1".

Mfano: bao la barazani ndani ya simu

Tuchukue mchezo tunaoujua. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ana mashimo 16, yaani safu mbili za manane. Mchezo unapoanza, kila mmoja ana kete 10 ubaoni, 6 zikiwa ndani ya nyumba, na kete 22 mkononi. Kwenye ubao wa mti, asiyeona anaweza kucheza vizuri: anapapasa mashimo na kuhesabu kete kwa ncha za vidole, na mlio wa kete zikidondoka unamwambia zimefika wapi.

Ukiliweka bao hilo kwenye simu kama picha, yote hayo yanapotea. Na ukiamuru simu itamke mashimo yote 32 kila baada ya zamu, itachukua zaidi ya nusu dakika, na mchezaji atachoka kabla ya mtaji. Njia bora ni hii:

Kwanza, kila shimo liitwe kwa safu na namba: "Mbele 5, kete 3". Pili, baada ya zamu, simu itaje kilichobadilika tu: "Mwenzako amekula kete 3 kutoka mbele 5." Tatu, mchezaji aweze kupapasa shimo lolote na kuuliza lina ngapi, kwa muda anaotaka. Nne, kila kete inaposambazwa isikike mlio, ukianzia sikio la kushoto kwenda la kulia kwa anayevaa hedifoni, ili afuate mwendo wa kete.

Angalia kwamba hatukurahisisha bao. Kanuni ni zilezile, na ushindi ni uleule. Tulichofanya ni kumpa mchezaji habari zilezile kwa njia ya sikio.

Faida kwa wote

Usidhani kazi hii inawafaa wachache tu. Huko Ufaransa, kampuni ya Dowino ilitoa mwaka 2015 mchezo wa simu uitwao A Blind Legend, usio na picha za kuchezea kabisa. Mchezaji ni shujaa kipofu anayeongozwa na sauti ya binti yake, na wanaoona nao wanaucheza kwa kusikiliza.

Hapa kwetu, kati ya mwaka 2017 na 2019, mkoa wa Tanga ulikuwa uwanja wa shindano la kimataifa la XPRIZE, ambapo watoto wa vijijini walipewa tableti zenye masomo ya Kiswahili kwa njia ya michezo. Mmoja wa washindi wawili waliogawana zawadi kuu ya dola milioni 10 ulikuwa mradi wa Kitkit School wa kampuni ya Enuma, ambayo chanzo chake ni wazazi waliotaka kumtengenezea mtoto wao mwenye mahitaji maalumu njia ya kujifunza. Mradi huo haukuwahusu wasioona hasa. Hata hivyo unatufundisha kwamba anayeanza na mtoto aliyeachwa nyuma huishia kuwafaa watoto wengi.

Umeuliza kwanza?

Katika Marko 10, umati ulimwambia Bartimayo anyamaze. Yesu alisimama, akamwita, kisha akamuuliza anataka afanyiwe nini. Upofu wake ulionekana na kila mtu, lakini Bwana hakumsemea. Alimpa nafasi aseme mwenyewe.

Kwa hiyo usijaribu mchezo kwa kujifunga kitambaa machoni, ukadhani umeelewa. Anayeona akifumba macho anaona giza na hofu. Asiyeona ana ujuzi wake wa miaka. Mwite mapema, mchezo ukiwa bado mchoro, si siku ya uzinduzi. Mpe simu, nyamaza, na usimshike mkono kumwelekeza. Andika kila anapokwama. Waite angalau wawili au watatu, akiwemo mwenye uoni hafifu, na muda wao ulipwe kama unavyolipwa wa mtaalamu mwingine. Kanisa letu lina uzoefu wa miaka mingi na wasioona, kwa mfano kupitia shule ya Irente huko Lushoto, na vyama vya wasioona vipo. Hatuanzi gizani.

Mambo ya Walawi 19 inakataza kumwekea kipofu kikwazo njiani. Zamani kikwazo kilikuwa jiwe. Leo kinaweza kuwa kitufe kisicho na jina, nacho kinaondolewa kwa mstari mmoja wa maandishi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika usharika wenu, ni nani wasioona au wenye uoni hafifu? Je, wanashiriki michezo ya vijana, au wanasikiliza tu?

2. Washeni TalkBack kwenye simu moja na mfungue mchezo mnaoupenda. Ni vitufe vingapi vina majina?

3. Ni nani katika eneo lenu anayewasomea wasioona ujumbe wa fedha? Kuna hatari gani, na mchezo unaweza kusaidiaje kuipunguza?

4. Ni kijana gani wa usharika wenu anayesomea kompyuta, na ni nani asiyeona mnayeweza kuwakutanisha naye kabla ya robo ijayo?