SOMO LA KIKUNDI: KUFUNGA SEHEMU YA BAHARI ILI SAMAKI WARUDI



Vikundi vya Pwani vinavyotegemea samaki vina taabu moja. Mvuvi anatoka alfajiri na kurudi na tafi wachache wadogo, na mama karanga anangoja ufuoni na karai tupu. Leo tutajifunza juu ya tengefu, yaani sehemu ya bahari ambayo wanakijiji wenyewe wamekubaliana isivuliwe. Someni kwa sauti mkutanoni, halafu mjadiliane maswali yaliyo mwisho.

Mfano wa Kuruwitu

Kuruwitu iko Kilifi, kaskazini ya Mombasa. Mwaka wa 1998 bahari ilipata joto kali, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakafa. Tena kulikuwa na juya, wavu wa kukokota unaozoa hata samaki wachanga. Mwaka wa 2003 wanakijiji wa Kuruwitu waliunda chama chao. Baada ya miaka kama miwili wakatenga hekta 30 hivi, kama ekari 75, zisivuliwe kabisa. Si wote waliokubali mara moja, maana hapo ndipo watu walipokuwa wakipata riziki. Lakini samaki walirudi, wakubwa na wa aina nyingi, na wageni wakaanza kulipa ada ili waogelee na kuwatazama.

Kwa nini tengefu husaidia?

1. Samaki mkubwa huzaa zaidi. Jike mkubwa hutaga mayai mengi kuliko majike kadhaa wadogo wakijumlishwa. Tukimvua kabla hajazaa hata mara moja, ni kama mkulima kula mbegu.

2. Samaki hajui mpaka. Wakijaa ndani, wengine hutoka nje. Kando ya mbuga ya bahari ya Mombasa, watafiti waliona kwamba wavuvi wa malema walio karibu na mpaka hupata samaki zaidi kuliko walio mbali.

3. Kila kiumbe kina kazi yake. Kikande hula wale wadudu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi. Kikande akiisha, wenye miiba huongezeka na kuukwangua mwamba mpaka unabomoka. Mwamba ukibomoka, samaki hana nyumba.

Nani ataumia kwanza?

Hapa ndipo vikundi vingi hushindwa. Faida ya tengefu huja polepole, lakini hasara huanza siku ile ile ya kufunga. Mwenye mashua na mashini anaweza kwenda mbali. Mzee mwenye mtumbwi mdogo hawezi. Mama anayetafuta pweza kwa miguu maji yakitoka, naye hawezi. Mkifunga mahali pao bila kuwauliza, kesho wataingia usiku, na nani atawalaumu? Njaa haina subira. Basi hao waulizwe kwanza, si mwisho.

Njia moja ni kuanza kidogo. Huko Andavadoaka, Madagascar, mwaka wa 2004 wanakijiji walifunga mwamba mmoja wa pweza kwa miezi michache tu. Pweza hukua upesi sana, kwa hiyo walipofungua walipata wazito zaidi. Watu wakaona kwa macho yao, na vijiji vingine vikafuata.

Hatua za kufuata

- Iteni mkutano wa wote: wavuvi, wachuuzi, akina mama wa pweza, vijana na wazee. Wazee waeleze samaki walikuwaje zamani.
- Chagueni mahali padogo panapoonekana kutoka ufuoni, ili iwe rahisi kulinda. Wekeni maboya.
- Pitisheni jambo hili kwa BMU yenu na afisa wa uvuvi. Bila sheria ndogo zinazotambuliwa, hamwezi kumzuia mtu wa kijiji kingine.
- Kubalianeni mapema juu ya faini, na nani atashika pesa. Hesabu isomwe mbele ya watu wote.
- Pimeni samaki mnaovua nje ya tengefu kabla ya kufunga na kila mwezi baadaye, na muandike daftarini. Bila daftari mtabishana tu.
- Nje ya tengefu, acheni juya na nyavu za macho madogo. Mkifunga hapa na kuzoa kila kitu pale, mmefanya kazi bure.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni samaki gani mliowaona miaka ishirini iliyopita na sasa hawaonekani?
2. Tukifunga sehemu moja, ni jamaa gani kijijini watakosa chakula kwanza? Kikundi kitawasaidiaje?
3. Je, tuko tayari kumtoza faini ndugu yetu wenyewe akivunja sheria?

Swali la tatu msilipite haraka. Kama jibu lenu ni hapana, basi bado msifunge. Endeleeni kuzungumza mpaka mkubaliane.