Bei Iliyokadiriwa Bila Kubisha Hodi

Msomi mwenzangu, leo tuache kidogo habari za bumu na foleni ya kantini, tuongee kuhusu bei ya nyumba. Najua wengi wetu hatumiliki hata banda la kuku. Lakini somo lenyewe ni la namba: kompyuta inatoa namba, watu wanaiona ya kisayansi, halafu inageuka kuwa hukumu.

Kule Marekani kuna tovuti zinazokadiria bei ya nyumba kwa programu. Inayojulikana zaidi ni Zillow, iliyoanza kutoa makadirio yake yaitwayo Zestimate mwaka 2006. Unaandika anwani, bei inatokea. Programu inatumia kumbukumbu za kodi ya majengo, ukubwa wa nyumba, idadi ya vyumba na mauzo ya majirani. Haijabisha hodi kwa mtu. Haijui kama jiko limejengwa upya au kama paa linavuja.

Mwaka 2016 Spencer Rascoff, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Zillow, aliuza nyumba yake Seattle kwa dola milioni 1.05. Makadirio ya kampuni yake mwenyewe yalikuwa yanasema takriban milioni 1.75! Kama ya bosi ilikosewa hivyo, ya mtu wa kawaida je?

Tufanye hesabu kidogo, msikimbie. Zillow wenyewe hutangaza kwamba kosa lao la mediani kwa nyumba ambazo haziko sokoni ni karibu asilimia 7. Mediani ni nini? Unapanga makosa yote kutoka dogo hadi kubwa, unachukua la katikati. Kwa nyumba ya dola 300,000, asilimia 7 ni dola 21,000. Wengi wanadhani hapo ndipo kosa linapoishia. Hapana. Nusu ya nyumba zina kosa kubwa kuliko hilo.

Nyumba ikishatangazwa kuuzwa, kosa hushuka hadi karibu asilimia 2. Kwa nini? Sababu moja ni kwamba programu sasa inaiona bei aliyotaja muuzaji. Yaani mtahiniwa kaoneshwa majibu, halafu tunamsifu kwa kufaulu.

Mwaka 2018 Zillow waliamua kununua nyumba wenyewe na kuziuza tena. Novemba 2021 wakatangaza kufunga biashara hiyo: thamani ya nyumba walizonunua ilibidi ishushwe vitabuni kwa zaidi ya dola milioni 300, na karibu robo ya wafanyakazi wakaambiwa kwaheri. Kukadiria bei za nyumba kuliwashinda hata wenye kompyuta.

Muuzaji anaumia wapi sasa? Mama yangu mdogo anaishi Texas, jimbo ambalo sheria haimlazimishi mtu kutangaza bei aliyouzia nyumba, kwa hiyo programu zina taarifa chache zaidi za mauzo. Alipotaka kuuza, wanunuzi walikuja na simu mkononi: "Mbona hapa inasema pungufu?" Pengo lilikuwa dola 40,000. Kwake hiyo ilikuwa pesa ya kumaliza deni la benki na kuezeka nyumba anayojenga Kigamboni. Alipokagua, akakuta nyumba yake imeandikwa ina bafu moja, kumbe ina mawili.

Ukiwa na ndugu katika hali hiyo, mwambie afanye hivi:

Kwanza, akague taarifa za msingi: vyumba, mabafu, ukubwa, matengenezo. Tovuti nyingi humruhusu mwenye nyumba kusahihisha.

Pili, amwombe dalali mwenye leseni orodha ya nyumba tatu au nne zinazofanana na yake, za jirani, zilizouzwa miezi ya karibuni. Madalali wa kule wana kanzidata yao ya mauzo. Atazame bei zilizolipwa kweli, maana kutaja bei hata mimi naweza.

Tatu, kama pengo bado ni kubwa, amlipe mthamini aingie ndani na kupima. Mnunuzi anayekopa benki atakutana na mthamini vilevile, na benki husikiliza ripoti hiyo, siyo simu ya mteja.

Nne, mnunuzi akitaja makadirio, asigombane naye. Aweke mezani ile orodha, risiti za ukarabati na ripoti, kisha amuulize: "Hiyo namba imehesabu lipi kati ya haya?"

Na makadirio yakiwa juu kuliko hali halisi? Dawa ni ileile. Ukishangilia namba ya juu na kupandisha bei, nyumba inakaa sokoni miezi, watu wanaanza kuulizana ina kasoro gani, mwisho unaiuza kwa hasara. Huwezi kuikataa mashine ikikupunja na kuiamini ikikupendelea.

Sisi wa ualimu tunafundishwa kwamba kabla ya kuamini alama uulize mtihani ulipima nini. Bei ya kwenye simu nayo ni alama. Mtahini hakuingia darasani, na mwenye nyumba ana haki ya kudai karatasi isahihishwe upya.