Shukrani Yenye Jina

JUMATANO

Soma Warumi 16:1-16, 22. Ni watu wangapi wanaotajwa kwa majina? Ni kuhusu wangapi kati yao Paulo anaeleza walichofanya?

Wasomaji wengi huiruka sura hii wakidhani ni orodha ya salamu tu. Lakini tazama salamu zenyewe. Fibi wa Kenkrea amewasaidia wengi, na Paulo ni mmoja wao. Priska na Akila walihatarisha maisha yao kwa ajili yake. Mama yake Rufo amekuwa mama kwa Paulo pia. Hata Tertio, aliyekuwa akiandika maneno ya mtu mwingine, anapewa nafasi ya kutoa salamu zake mwenyewe. Paulo hakuridhika kuwashukuru wote kwa pamoja. Alikumbuka ni nani aliyefanya nini.

Mama mmoja, mkulima wa viazi karibu na Njombe, alikuwa akishuka Makambako na magunia yake kila juma wakati wa mavuno, mwendo wa kilomita 60 hivi, hadi pale barabara ya Songea inapokutana na ile ya Dar es Salaam na Mbeya. Kijana mmoja alimbebea mizigo kwa miaka mitatu. Mama alimlipa, akasema asante, akaondoka. Usiku mmoja wa mwezi wa saba, baridi ikiwa kali, gari la kuchukua viazi liliharibika njiani. Kijana alilala juu ya magunia mpaka asubuhi ili mama akapumzike kwa ndugu zake. Kulipokucha alipokea ujira wa siku zote na neno lile lile la siku zote.

Msimu uliofuata kijana hakuonekana. Mama alipowauliza wabeba mizigo wenzake, nao wakauliza, "Anaitwa nani?" Hakujua. Akataja koti la bluu. Wakacheka, maana makoti ya bluu yalikuwa manne pale pale. Kicheko kile kilimwuma. Miaka mitatu, na mtu yule kwake alikuwa koti tu!

Alimpata juma la tatu, nyumbani kwa shangazi yake, mguu umefungwa plasta. Gunia la lumbesa la mfanyabiashara mwingine lilikuwa limemwangukia. (Sheria inakataza ujazo huo, lakini anayeulipia mara nyingi ni mgongo wa mbebaji.) Mama alikuwa amebeba debe la viazi, ila hakuanza na debe.

"Kamwene, mwanangu. Usiku ule wa baridi ulilala juu ya viazi vyangu. Fedha ya viazi vile ndiyo iliyolipa ada ya chuo ya binti yangu. Sikukuambia."

Kisha akamwuliza jina lake, na la baba yake. Kijana alikaa kimya kidogo. Halafu akamwita shangazi kutoka jikoni, akamwomba mama arudie maneno yale, shangazi naye asikie.

Soma Wafilipi 4:14-18. Paulo anakumbuka nini kuhusu msaada aliopokea alipokuwa Thesalonike?

Anakumbuka kwamba ulikuja zaidi ya mara moja, na anamtaja Epafrodito, aliyeuleta msaada wa sasa. Yeye mwenyewe alikuwa kifungoni, hana cha kurudisha isipokuwa maneno, akayachagua kwa uangalifu.

Hata hivyo, si kila mtu hupenda kusimamishwa mbele ya kanisa na kupigiwa makofi. Wengine huona haya siku nzima. Kwa mtu wa namna hiyo, ujumbe mfupi jioni hutosha, au kwenda kumpalilia shamba asubuhi moja. Akina mama wengi wanalijua hili bila kufundishwa: bakuli la jirani halirudishwi tupu, na kinachowekwa ndani ni kile ambacho jirani huyo hukipenda.

Maswali ya kujadili: Ni nani hufika mapema kufungua madirisha na kupanga viti katika darasa lenu? Jina lake kamili ni nani? Ni lini mara ya mwisho mtu alimwambia kwamba kazi yake imeonekana, na kwa maneno gani?