Daraja la Meno: Kagua Nguzo Kabla ya Kuziba Pengo

Jino moja likitoka, wengi wetu huhesabu hasara ya jino hilo moja tu. Lakini meno hutegemeana. Majirani wa pengo huanza kuinama kulielekea, na jino la upande wa pili lililokuwa likikutana na lile lililotoka huanza kusogea taratibu kwa kukosa la kugongana nalo. Baada ya muda chakula hunasa mahali papya, uozo huingia, na mtu huzoea kutafunia upande mmoja. Ndipo wahenga wakasema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Njia mojawapo ya kuziba pengo ni daraja la meno. Somo hili linaeleza daraja ni nini, linamfaa nani, na kwa nini sisi wakazi wa Nakuru na maeneo jirani ya Bonde la Ufa tunapaswa kuuliza swali moja zaidi kabla ya kukubali kuwekewa.

Daraja hufanya kazi vipi?

Daraja ni jino bandia linaloshikiliwa na meno yaliyo kando ya pengo. Meno hayo ndiyo nguzo. Tuchukue mfano wa mkulima wa Njoro aliyeng'olewa gego la kwanza la chini. Kwanza, kidonda husubiriwa kipone na ufizi utulie, jambo ambalo mara nyingi huchukua miezi kadhaa. Kisha daktari wa meno hupiga picha ya eksirei kuona mizizi na mfupa wa nguzo. Zikiwa imara, humtia ganzi na kuyapunguza meno mawili ya kando kwa kuyakwangua pande zote, halafu huchukua umbo la meno hayo na kulipeleka kwa fundi wa maabara.

Fundi hutengeneza kipande kimoja chenye meno matatu: kofia mbili za kuvika nguzo, na jino bandia katikati. Mgonjwa huvaa daraja la muda akisubiri. Akirudi, daraja lenyewe hubandikwa kwa saruji maalumu na halivuliwi tena, hata usiku. Likitunzwa vizuri, linaweza kudumu miaka 10 au zaidi.

Uzito wa uamuzi uko hapa: jino likishakwanguliwa halioti upya. Ukikubali daraja, unakubali kupunguza meno mawili ili kurudisha moja. Ikiwa meno hayo tayari yamezibwa au yamevunjika, kofia inaweza hata kuyasaidia. Ikiwa ni mazima kabisa, fikiria mara mbili.

Nguzo za Bonde la Ufa

Maji ya visima vingi vya Nakuru, Gilgil, Elementaita na Naivasha hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba madini mengi ya floraidi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani katika maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yenye floraidi nyingi wakati meno yake ya ukubwani yanaundwa ndani ya taya, hasa kabla ya umri wa miaka minane, huota meno yenye madoa meupe au ya kahawia. Hali ikiwa kali, ngozi ngumu ya jino huwa dhaifu na humeguka.

Jino la kahawia si lazima liwe limeoza. Linaweza kuwa na mizizi imara na kukutumikia hadi uzeeni. Kwa hiyo usikubali kung'olewa jino zima kwa sababu ya rangi tu ili uwekewe bandia jeupe. Madoa yanaweza kupunguzwa kwa kusuguliwa na daktari, kung'arishwa, au kufunikwa, bila kulipoteza jino.

Hata hivyo, ikiwa jino lenye madoa litakuwa nguzo, daktari alikague kwa makini. Lipo daraja jepesi linalogandishwa kwa gundi nyuma ya jino la kando bila kulikwangua sana, na hutumiwa zaidi kwa meno ya mbele. Gundi hiyo hushika kwa shida kwenye jino lililoathiriwa vibaya na floraidi. Uliza waziwazi: "Je, nguzo zangu zitashika?"

Njia nyingine

Meno bandia ya kuvaa na kuvua ndiyo ya bei nafuu zaidi, na hayahitaji kukwangua mengine sana. Huvuliwa usiku na kusafishwa. Kipandikizi ni skrubu ya titani inayowekwa ndani ya mfupa wa taya, na jino hujengwa juu yake. Hakigusi majirani, lakini ni ghali na kinahitaji mfupa wa kutosha. Mapengo mengine, kama lile la gego la mwisho, kwa kawaida huachwa wazi bila madhara.

Kulitunza daraja

Daraja lenyewe halitoboki, lakini nguzo zilizo chini yake zinaweza kuoza. Piga mswaki mara mbili kwa siku. Chini ya jino bandia pitisha uzi maalumu wa meno au kiburashi chembamba kila siku. Usifungue chupa kwa meno, usivunje mifupa wala kumenya miwa upande wenye daraja. Muone daktari kila baada ya miezi sita, na upesi zaidi likilegea.

Kabla ya kukubali, uliza:

1. Je, nguzo zangu zimepigwa picha, na zina hali gani?
2. Ni meno mangapi yatakwanguliwa?
3. Ipo njia isiyogusa meno mazima?
4. Gharama yote ni kiasi gani, na bima yangu, ikiwemo SHA, inalipia nini?
5. Daraja likilegea au kuvunjika, nitarudi kwa nani?

Hakikisha pia anayekuhudumia ana leseni ya mwaka huu kutoka Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Anayegandisha jino bandia sokoni au nyumbani kwa gundi ya kawaida anaweza kukusababishia vidonda, uozo na kupoteza nguzo zenyewe.

Kwa wazazi: kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji ya mvua yaliyovunwa kwa usafi huwa na floraidi kidogo sana, na vichujio vya mkaa wa mifupa, ambavyo vimetumika hapa Nakuru kwa miaka mingi, huipunguza vikibadilishwa mkaa kwa wakati. Maji anayokunywa mtoto leo yanajenga meno ambayo huenda siku moja yakahitajika kuwa nguzo.