Ruta na Mabawabu wa Programu ya Seva: Maswali na Majibu

Swali: Programu yangu ya Express ilianza na njia tano katika faili moja, sasa zimefika sitini, nami sijui pa kushika. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwenye mambo yenyewe yanayoshughulikiwa. Tuseme programu yako huuza tiketi za boti: yako mambo ya safari, ya abiria na ya malipo, na kila jambo katika hayo lastahili ruta yake, yaani kundi la njia zake, ndani ya faili yake, iliyofungwa kwenye programu kuu kwa mstari mmoja wa "app.use" pamoja na anwani ya mwanzo kama "/safari". Ruta za namna hii zimo katika Express tangu toleo la 4, lililotoka mwaka 2014, kwa hiyo hatuna udhuru wa kuzirundika njia zote mahali pamoja. Faili kuu ikisalia na mistari michache, mgeni huifahamu programu nzima kama asomaye fihirisi ya kitabu.

Swali: Midolwea ni nini hasa, na kwa nini mpangilio wake wasisitizwa mno?

Jibu: Ni fanksheni ikaayo baina ya ombi na jibu, mfano wa bawabu mlangoni: hulipokea ombi, akalikagua au akaliongezea kitu, kisha ama hulipitisha kwa kuita "next", ama hulijibu papo hapo lisiendelee mbele. Asipofanya moja katika hayo mawili, ombi huning'inia, na mtumiaji hubaki akingoja jawabu lisilokuja. Mabawabu hawa huitwa kwa taratibu ile ile waliyoandikwa, kutoka juu kwenda chini, na hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Zamani niliiandika ruta ya abiria katika mstari wa 12, na bawabu wa kuhakiki watumiaji katika mstari wa 20. Programu ikaenda pasipo khitilafu yoyote ya dhahiri, majaribio yangu yote yakafaulu maadamu mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuingia kwa nywila, na kwa siku mbili nzima majina na namba za simu za watu walioniamini zikawa wazi kwa kila aliyeijua anwani. Tangu hapo bawabu huyo wa kuhakiki namweka ndani ya ruta yenyewe, juu ya njia zake zote, ili njia yoyote itakayoongezwa chini yake baadaye, na mtu yeyote, izaliwe ikiwa imekwisha kulindwa.

Swali: Nimeandika njia "/safari/mpya", lakini kila nikiifungua naambiwa safari hiyo haipo.

Jibu: Tazama juu yake, aghalabu utaikuta "/safari/:namba", ambayo hulikubali neno lolote, hata "mpya", ikalitafuta katika hifadhidata kana kwamba ni namba ya safari. Njia mahususi itangulie, ya jumla ifuate.

Swali: Makosa yashughulikiwe wapi?

Jibu: Mwisho kabisa, baada ya ruta zote: kwanza bawabu wa kujibu 404 kwa anwani zisizojulikana, kisha bawabu wa makosa. Huyu wa pili ana vigezo vinne, na Express humtambua kwa idadi hiyo tu. Ukikiondoa kimoja kwa kuwa hukitumii, hugeuka bawabu wa kawaida, na makosa humpita kando. Fauka ya hayo, katika toleo la 4 kosa lizukalo ndani ya fanksheni ya "async" halimfikii mpaka ulikamate na kulikabidhi kwa "next" kwa mkono wako. Toleo la 5, la mwaka 2024, hulikabidhi lenyewe. Ikiwa ungali katika toleo la 4, zipitie fanksheni zako za "async" leo hii, moja baada ya moja, uone ni ipi isiyo na pa kulipeleka kosa lake.