Umeruhusiwa, au umehamishwa?

Tuchukue mfano wa dereva wa kampuni binafsi, mkazi wa Heru Juu, Kasulu. Siku yake ya mapumziko anaanguka na bodaboda, mguu unavunjika. Analazwa Kasulu siku 11, anapewa rufaa kwenda Maweni, Kigoma mjini, anakaa siku 14, kisha anarudishwa Kasulu kuuguza kidonda siku 5. Jirani akimuuliza atajibu, “Nililazwa mwezi mzima.” Makaratasi yatasema amelazwa mara tatu. Hakuna anayesema uongo, lakini siku ya kudai mshahara au kukagua bili, kinachosikilizwa ni makaratasi.

Kulazwa kunaanzia wapi, kunaishia wapi?

Kunaanza pale daktari anapoandika kwamba ulazwe ukaingizwa kwenye kitabu cha wagonjwa wa ndani. Kunaisha pale inapoandikwa kwamba umeruhusiwa, umepewa rufaa, umetoroka, au umefariki. Yote yaliyo katikati ni kulazwa kumoja, hata kama umebadilisha kitanda mara nne.

Ukihamishwa wodi ndani ya hospitali ileile, kwa mfano mama wa Kifura anayetoka wodi ya wazazi Kibondo akapelekwa chumba cha upasuaji kisha wodi nyingine, huko si kulazwa upya. Tarehe ya kuingia ni ileile. Ukikuta bili imeandika kulazwa mara mbili, uliza kabla ya kulipa.

Ukipewa rufaa, hospitali ya kwanza inakufunga na ya pili inakufungua. Hata ugonjwa ukiwa mmoja, kulazwa ni kuwili. Kinachounganisha mara hizo mbili ni fomu ya rufaa, kwa hiyo piga picha au toa nakala kabla gari halijaondoka.

Ukiruhusiwa Ijumaa, Jumapili damu ikaanza kutoka tena ukarudi, umelazwa upya. Namba ya jalada inaweza kuwa ileile, na hapo ndipo wengi huchanganya mambo. Jalada ni la mtu na linaendelea naye. Kulazwa kuna tarehe ya kuingia na ya kutoka.

Ukitoka kwa saa chache kwenda msibani au kufuata kipimo nje, omba ruhusa na hakikisha imeandikwa. Ukiondoka kimyakimya unaweza kuandikwa umetoroka, na ukirudi jioni utaanza upya.

Ukitundikiwa dripu usiku chumba cha wagonjwa wa nje, asubuhi ukaenda nyumbani, usidhani moja kwa moja kwamba ulilazwa. Uliza umeandikwaje.

Kwa nini ujali?

Turudi kwa dereva wetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyefikisha miezi 6 kazini likizo ya ugonjwa ya siku zisizopungua 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Sheria inahesabu siku za kuugua. Umelazwa mara ngapi haijalishi. Lakini asipoleta cheti cha daktari, mwajiri halazimiki kumlipa. Akienda ofisini na karatasi ya Maweni peke yake, amethibitisha siku 14. Akiwa nazo zote tatu, ni siku 30. Na kama daktari aliandika apumzike nyumbani siku 7 zaidi, ni 37.

Mwenye bima naye awe macho. Unapoombwa kusaini fomu ya madai, soma tarehe ya kuingia na ya kutoka, na usisaini iliyoachwa wazi.

Kosa likiingia kwenye kumbukumbu

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kupata taarifa zako na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa mujibu wa sheria hiyo. Anza na muuguzi kiongozi wa wodi, kisha watu wa kumbukumbu, kisha mganga mfawidhi. Usiporidhika, andika barua kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mlango unaofuata ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ukishindwa kuandika, tafuta msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Makosa mengine huanzia kwenye lugha. Bibi anayezungumza Kiha tu, au mkimbizi anayeelewa Kirundi peke yake, anaweza kuitikia “ndiyo” kwa kila anachoambiwa. Anayemuuguza aombe maelezo yarudiwe kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa.

Kwa hiyo siku ya kutoka, kabla hujakunja mkeka na kukusanya sufuria, muulize muuguzi: “Mgonjwa wangu ameruhusiwa, amehamishwa, au amepewa rufaa?” Kisha omba karatasi yenye jibu hilo, tarehe mbili na sahihi.